Kichwa cha Gitaa na Nyuzi za Nchi ya Chai

Mtu wa pwani akipewa udi mkononi, jambo la kwanza hutazama tumbo lake: mbavu zimepangwaje, ubao wa uso una ufa au hauna, tundu limenakshiwa vipi. Akipewa gitaa hufanya vivyo hivyo. Hupendezwa na rangi yake, na umbo la kiwiliwili, na vitufe vinavyong'ara. Ni wachache sana wanaoanzia kichwani. Ilhali kichwa ndicho kinachoshika nyuzi, nacho ndicho kinachoamua kama chombo kitakaa na sauti yake au kitaihama kabla mwimbaji hajafika ubeti wa tatu.

Leo nataka kuzungumza na wasomaji wa ukurasa huu juu ya kichwa cha gitaa, hususan magitaa ya umeme ya zamani, na juu ya vile vifaa vya kukazia nyuzi vilivyopangwa juu yake. Mazungumzo haya nimeyafuata mbali na bahari, katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Najua baadhi yenu watauliza, sisi na Kericho wapi na wapi? Jawabu langu ni kwamba hasara inayowakabili wenzetu wa kule ndiyo ile ile iliyokwisha kutupata sisi kwa gambusi, na mwenye kunyolewa mwenzako, wewe tia maji.

Sina nia ya kufungua tena mlango wa hukumu ya ala za muziki. Masheikh wetu wamelisemea jambo hilo, na kila mwenye kutaka kuuliza ajua pa kuuliza. Ninayoyasema hapa ni ya ufundi na ya historia, na mwenye kujizuilia na ngoma bado anaweza kunufaika na elimu ya mti na chuma.

KAZI YA KICHWA

Tuanze na hesabu. Gitaa la umeme lenye nyuzi sita za chuma, likishatiwa sauti kamili, nyuzi zake kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 40. Huo si mbali na mfuko wa saruji. Mzigo huo hauondoki usiku wala mchana. Gitaa likitundikwa ukutani mwaka mzima, mfuko ule umo juu yake mwaka mzima. Basi kichwa kina kazi mbili. Ya kwanza ni kushika kila uzi mahali pake usirudi nyuma. Ya pili ni kuukandamiza uzi juu ya kile kipande cha mfupa kilicho baina ya shingo na kichwa, ambacho nitakiita kizingiti. Uzi usipokandamizwa pale hutetemeka ovyo na kulia kama nzi ndani ya chupa.

Wazee wetu walilijua hilo zamani. Kichwa cha udi kimekunjwa nyuma, karibu kufanya pembe mraba na shingo. Kichwa cha gambusi, kile kinanda cha kale cha pwani ambacho ndugu yake yuko Yemen, kimepinda kama mundu. Kupinda huko si urembo peke yake. Ndiko kunakouvuta uzi chini ukalale barabara juu ya kizingiti. Na vigingi vyake ni vya mti, vimechongwa vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili, vikashindiliwa matunduni. Hakuna parafujo, hakuna gurudumu. Ukizungusha mkono mara moja, kigingi nacho kimezunguka mara moja. Ndiyo maana mpigaji udi huhitaji mkono wenye subira. Isitoshe, mvua za masika zikija vigingi huvimba na kukwama, na kaskazi ikikausha hulegea vikateleza. Dawa yake ni ile ile ya tangu hapo: kinachoteleza kipake chaki, kinachokwama kipake sabuni.

Sasa tupande juu, tupite Nakuru na Molo, tuteremke Kericho. Kinubi cha Wakipsigis, ambacho wao hukiita chepkong, hakina kichwa hata kidogo. Kina bakuli lililowambwa ngozi, mikono miwili iliyopanda juu, na mti mmoja uliolazwa kuiunganisha mikono hiyo. Nyuzi hutoka chini ya bakuli, zikapanda hadi kwenye mti ule, na kila uzi huzungushiwa juu ya kitambaa au ukanda wa ngozi. Mpigaji akitaka kupandisha sauti huushika mviringo ule kwa vidole akausokota pale pale ulipo. Msuguano wa kitambaa na mti ndio kigingi chake. Nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii hukazwa kwa njia iyo hiyo, kwa hiyo majirani wote watatu wanaouzunguka mlima wa chai wana elimu moja ya kusokota.

Hapa pana jambo ambalo ningependa msomaji alishike, kwani hoja yangu yote imesimama juu yake. Katika gitaa, vile vyuma vilivyopigwa mkingamo shingoni ndivyo vinavyoamua umbali baina ya sauti moja na nyingine, na vilipimwa kiwandani. Katika kinubi hakuna shingo wala chuma wala pa kubonyeza. Kila uzi una sauti moja tu, ile aliyoupa mwenyewe alipousokota. Kwa hiyo wimbo wote umo katika ukazaji. Fundi akifa bila ya kumfundisha mtu namna alivyokaza, chombo kitabaki na bakuli litabaki, lakini nyimbo zake zitakuwa zimezikwa naye.

JINA JUU YA KICHWA

Mwaka 1950, bwana mmoja aitwaye Hugh Tracey, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi kulikuwa na tatu zilizobeba jina moja, Chemirocha. Wa tatu ndio uliovuma ulimwenguni, nao uliimbwa na wasichana wa Kikipsigis pamoja na Chemutoi Ketienya, kinubi kikiwafuata. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers likiwa limetiwa ndani ya ulimi wa Kikipsigis. Huyo alikuwa mwimbaji wa Kimarekani, mtu wa reli, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufa kwa kifua kikuu mjini New York mwaka 1933. Basi wakati wasichana wale wanamwimba alikuwa amekwisha lala kaburini miaka 17. Tracey aliandika kwamba wao walimfikiria kuwa ni kiumbe nusu mtu nusu paa.

Watu wengi wameisimulia hadithi hiyo kama kichekesho. Mimi naiona kuwa ni ushahidi mkubwa wa ufundi. Santuri iliwaletea sauti bila ya chombo. Jimmie Rodgers alikuwa na gitaa maarufu lililotengenezwa na Martin mwaka 1928, jina lake limepachikwa kwa lulu ya chaza juu ya shingo, na kichwani pameandikwa "Blue Yodel", ambalo ndilo jina la nyimbo zilizompa sifa. Nyuma ya gitaa palikuwa na neno la kushukuru, ili akiligeuza mbele ya watu liwe ndilo salamu yake ya kuaga. Wasichana wa Kapkatet hawakukiona kichwa hicho wala hawakulisoma jina hilo. Walichofanya ni kulichukua jina walilolisikia wakaliweka juu ya mti wao wenyewe, katika ukazaji wao wenyewe. Hawakuhangaika kuzisogeza nyuzi zao zifanane na za Mmarekani. Mgeni ndiye aliyesogea.

VICHWA VIWILI VYA UMEME

Mwaka ule ule wa 1950, huko California, Leo Fender alianza kuuza gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha mti mzima, ambalo baadaye, mwaka 1951, liliitwa Telecaster. Mwaka 1954 akafuatisha Stratocaster. Ajabu ya magitaa hayo ilikuwa kichwani. Vikazio vyote sita vilipangwa mstari mmoja upande wa juu, kama madirisha ya gari la moshi. Hilo halikuwa jambo jipya kabisa. Paul Bigsby alikwisha mtengenezea Merle Travis gitaa la namna hiyo mwaka 1948. Na karne nzima kabla yao, mafundi wa Vienna kama Stauffer walikuwa wakivipanga vikazio mstari mmoja, na C. F. Martin, aliyefanya kazi kwa Stauffer, aliuchukua mtindo huo kwenda nao Marekani mwaka 1833. Fender mwenyewe alitaja ala za watu wa Kroatia kuwa ndiko alikoona mfano. Huwezi kumpata mwenye kichwa cha kwanza kabisa. Kila aliyechonga alikuwa na aliyemtangulia.

Upande wa pili kuna kichwa cha Gibson, kampuni iliyoanza mwaka 1902 mjini Kalamazoo, ambayo gitaa lake la Les Paul lilitoka mwaka 1952. Huko vikazio vimegawanywa, vitatu kushoto na vitatu kulia, na kichwa kimelazwa nyuma kwa digrii 17. Huyu ndiye jamaa wa udi wetu, kwani hutegemea kupinda ili kuukandamiza uzi.

Kila mtindo una faida yake na dhara yake, na mwenye kununua gitaa kuukuu yafaa ajue. Kichwa cha Fender kimekatwa katika ubao mmoja na shingo, kimeteremshwa kidogo tu lakini hakikulazwa. Nyuzi hupita kizingitini moja kwa moja bila ya kukata kona, na kwa hivyo hazikwami sana. Likianguka, kichwa hukwaruzika tu. Lakini kwa kuwa hakikupinda, nyuzi nyembamba za mbali hukosa mkandamizo, na ndiyo sababu utaona kijikufuli cha chuma kimepigwa parafujo juu ya kichwa kuzibana chini. Kichwa cha Gibson hakihitaji kijikufuli, maana pembe yenyewe yatosha. Lakini nyuzi mbili za katikati hulazimika kugeuka pembeni mara zinapotoka kizingitini kufuata vikazio vyake, zikanasa, na mpigaji akivuta uzi haurudi ulipokuwa. Tena mti wa shingo umekatwa kwa pembe, nyuzinyuzi za mti zikakatika papo hapo penye wembamba. Gitaa likidondoka kwa mgongo, kichwa huvunjika. Gibson wenyewe walilitambua hilo. Katikati ya miaka ya 1960 walipunguza pembe hadi digrii 14, na kuelekea mwisho wa muongo huo wakaanza kuacha nundu ya mti nyuma ya shingo ili kuipa nguvu.

Vikazio navyo ni elimu. Ndani ya kila kimoja mna parafujo inayosukuma gurudumu la meno. Unazungusha kitufe mara nyingi, mhimili wa uzi unazunguka mara moja tu, na uzi wenyewe hauna uwezo wa kulirudisha gurudumu nyuma. Hapo ndipo chuma kilipoushinda mti: mkono wa kijana asiye na subira unaweza kupata sauti ambayo kwa kigingi cha udi ingemtaka mazoezi ya miaka. Lakini chuma kina adui yake. Kwetu pwani ni chumvi ya bahari. Kericho ni mvua, ambayo kule haina msimu mrefu wa kupumzika, na ndiyo hiyo hiyo inayoyafanya majani ya chai yachipue mwaka mzima. Kikazio kikikosa mafuta, meno huliwa, kitufe kikawa kinazunguka bure, na uzi unalegea katikati ya wimbo.

KWA FUNDI, NJIA YA BOMET

Kilimo kikubwa cha chai kilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920, na kwa kuwa mashamba yalihitaji mikono mingi, walifika wachumaji wa makabila mbalimbali, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, wakaishi laini moja na Wakipsigis wenyewe. Mahali panapokusanya watu wa lugha nyingi hukusanya nyimbo pia. Mjini Kericho duka la Chandarana halikuishia kuuza santuri, bali lilizitoa kwa jina lake, na bendi za gitaa za upande huo zikapata mlango wa karibu badala ya kungojea Nairobi. Miongoni mwa majina makubwa ya Wakipsigis yumo marehemu Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Ukizisikiliza nyimbo zake kwa makini, utasikia gitaa likidonoa sauti chache zinazozunguka na kurudi, kama vidole vinavyojua njia ya kinubi.

Nilipokwenda huko nilikaa asubuhi nzima kwa fundi mmoja kando ya njia ya Bomet, mtu mzima kunizidi, anayetengeneza redio, pasi na magitaa. Ukutani palining'inia vyombo vitano. Kimoja kilikuwa na kichwa kilichovunjika na kuunganishwa kwa gundi na vijiti viwili vya mti mgumu, kazi safi ambayo ungeipitisha kidole usione mshono. Kingine kilikuwa na kichwa cha vikazio sita mstari mmoja, jina limefutika kwa mikono ya watu, na vikazio vyenyewe vilikuwa vya aina tatu tofauti. Nilimwuliza kwa nini.

"Sheikh wangu," aliniambia, maana kofia yangu ilikwisha mjulisha nimetoka wapi, "kimoja kikifa natafuta maiti nyingine nikitoe. Dukani watakuuzia sita au hawakuuzii."

Kisha akalichukua gitaa lile akalitia sauti. Mjukuu wake alikuwa pale na simu yake, yenye ile programu inayosikiliza uzi na kuonyesha kama umefika au haujafika. Mzee alikaza nyuzi tano, simu ikaafiki. Uzi wa tatu aliuacha chini kidogo. Kijana akamwonyesha kioo kwamba bado. Mzee akatikisa kichwa, akapiga wimbo mmoja wa zamani, uzi ule ukiachwa wazi bila ya kubonyezwa kila mara unapofika mahali pake. Sikuijua lugha lakini nilisikia kwamba ulikuwa sawa. Alipomaliza akasema, "Simu hii imefundishwa nyimbo nyingine. Huu haijafundishwa."

Nilimwuliza ukazaji ule aliupata wapi. Akasema kwa baba yake, aliyekuwa na chepkong. Nikamwuliza kinubi kiko wapi. Akasema mti ulioza, hakikuchongwa kingine, na yeye mwenyewe hajui kukichonga. Anajua tu kilivyokuwa kikilia. Maana yake ni kwamba elimu ya kinubi kile sasa imebaki katika uzi wa tatu wa gitaa moja bovu, na katika sikio moja la mzee mmoja.

HOJA YETU

Watu wa mambo ya kale, wanapofikiria kuhifadhi, aghalabu hufikiria ngoma, ngao, na vibuyu. Gitaa la umeme haliingii akilini mwao. Husema hicho ni kitu cha Mzungu, kimetoka kiwandani, kitahifadhiwa na Wazungu wenyewe. Mimi nasema fikira hiyo ina kasoro mbili.

Kwanza, hicho kichwa cha gitaa si cha Mzungu kwa namna tunayodhani. Udi uliingia Hispania kwa mikono ya Waislamu, na huko Ulaya ukazaa ukoo mzima wa ala za shingo na kichwa kilichokunjwa. Vienna wakaongeza lao, Marekani wakaongeza umeme. Na Wakenya hawakuja nyuma kabisa. Fundi Konde, kijana wa Kigiriama kutoka Kilifi, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, anahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kabisa kupiga gitaa la umeme. Chombo kilichopita mikono ya watu wengi hivyo ni cha kila aliyekikaza kikasema maneno yake.

Pili, na hii ndiyo kubwa, gitaa la fundi yule ni hati. Viraka vya kichwa chake, vikazio vya aina tatu, alama za vidole mahali ambapo mpigaji wa Ulaya hawekagi kidole, vyote hivyo vinasoma historia ya mashamba ya chai kuliko vitabu vingi nilivyoona. Siku hizi magitaa ya zamani yana soko kubwa nchi za nje. Wanunuzi wa huko hutazama kichwa kwanza: kimevunjika au hakikuvunjika, vikazio ni vyake vya asili au ni vya kupachika, matundu yamepanuliwa au yamebaki yalivyokuwa. Kwao gitaa lenye kichwa kilichounganishwa hushuka bei sana. Basi kwa kipimo cha soko, chombo cha yule mzee ni takataka, na kwa kipimo cha historia yetu ni hazina. Tukiwaachia wenye soko watuamulie, kitatupwa. Na kitakapotupwa, yule mjukuu atabaki na simu.

Simlaumu kijana wala simu. Programu ile ni kitu cha manufaa, na anayejifunza peke yake chumbani inamwokoa. Lakini chombo cha kupimia humpimia kila mtu kwa kibaba kimoja. Mtoto aliyefundishwa kwamba kioo hakikosei atamsikiliza babu yake akamwona mkosaji, ataukaza uzi wa tatu hadi simu iafiki, na siku hiyo wimbo utakuwa umehama. Hakuna atakayelia, kwa sababu hakuna atakayejua.

Sisi wa pwani yametufika haya. Gambusi lilikuwa likisikika katika miji yetu, leo mwenye kulikaza vilivyo ni wa kutafutwa kwa tochi. Udi nao ulisukumwa kando na kinanda cha umeme, ambacho sauti zake zimekwisha pangwa kabla mpigaji hajakaa kitini. Alhamdulillahi tulikuwa na mtu kama Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, aliyeushikilia udi hadi mwisho. Lakini kaumu haiwezi kumtegemea mtu mmoja afanye kazi ya chuo kizima.

Yafanywe nini? Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, pamoja na majumba ya makumbusho na maktaba. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi nayo ipo. Kwa hivyo Kericho na Bomet hawana haja ya kungojea Nairobi. Nyimbo za Kapkatet zilikaa miaka mingi katika maktaba ya muziki iliyoasisiwa na Tracey huko Afrika Kusini mwaka 1954, na katika miaka ya 2010 maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nakala kwa watu wa Kapkatet. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini sauti imerudi bila ya mikono. Kinachotakiwa sasa ni chumba kimoja, si lazima kiwe jumba, penye vinubi vipya vilivyochongwa na wale wachache wanaojua, na magitaa makuukuu ya laini za chai kando yake, na mzee wa kulipwa akae siku mbili kwa wiki afundishe ukazaji. Gharama yake haifiki ya gari moja la mkubwa.

Na mafundi nao, wa kule na wa huku, nina maneno machache kwao. Ukiondoa kikazio cha zamani, usikitupe. Kifunge katika karatasi na uandike kimetoka gitaa gani. Usipanue tundu la kichwa ili kuingiza kikazio kipya kama kuna njia nyingine. Tia tone la mafuta mepesi katika meno ya gurudumu kila msimu. Gitaa litakalokaa bila ya kupigwa lilegezwe nyuzi, upungue ule mzigo wa saruji. Na mzee akikuletea chombo chake, kabla ya kugusa uzi hata mmoja, mwombe akupigie. Kisha ile simu ambayo ingemsahihisha itumie kumrekodi. Chombo ni kile kile, ila sasa kimefanywa mwanafunzi badala ya mwalimu.

Mwisho nawaachia ubeti mmoja, kama ilivyo ada ya wenye kalamu wa kwetu:

Chombo kisicho mwenyewe, nyuzi zake hulegea,
Kichwa chake kiokowe, sauti sijepotea,
Na mkongwe aulizwe, kabla hajatangulia,
Na mwanawe afunziwe, ujuzi wa kusikia.